Mkono Niliokunyima

Nekesa, mwanangu,

Umeenda Turbo kumuaga nyanya yako mzaa mama, na utarudi jioni umeshiba ndizi zake na mawaidha yake. Barua hii niliianza Jumatatu na naimaliza leo, siku ya kuamkia safari yako, kwa sababu mkono wa kushoto umejifunza kuandika uzeeni na hauna haraka. Ningependa kukuambia haya kwa mdomo. Lakini unajua ulimi wangu ulivyo tangu nipate kiharusi. Nikikasirika ndio huzidi kukwama, na wiki hii yote nimekasirika. Mambo ya sabuni, blanketi na ndoo mama yako ameshayamaliza, na akikumbuka lingine atakukimbiza nalo hadi steji. Mimi nina jambo moja tu.

Jumatano iliyopita nilikusindikiza kliniki kujaziwa ile fomu ya afya ya chuo. Nilikaa kwenye benchi la nje, na mlango ulikuwa wazi kidogo. Nikamsikia yule daktari kijana akikusomea presha yako: 148 juu, 95 chini. Akakwambia ukae utulie, akakupima tena baada ya robo saa: 146, 94. Akakwambia urudi Ijumaa upimwe mara ya tatu, ndipo ajue kama ni presha kweli au ni siku mbaya tu. Nawe ukamjibu, kwa sauti ya mtu mwenye gari linalomngoja, "Daktari, ni vile nimetembea haraka. Halafu niko na wasiwasi ya safari."

Tulipofika nyumbani ukamwambia mama yako kila kitu kiko sawa. Ijumaa ikaja, ukaenda saluni kusuka nywele.

Una miaka kumi na tisa. Maneno hayo hukuyasoma kwenye kitabu. Ni yangu, karibu neno kwa neno, hata ile sauti ni yangu. Tangu siku hiyo nimekuwa nikizunguka nyumba nikigonga viti kwa mkongojo, mama yako akidhani nimekasirika kwa sababu unaondoka. Nimemkasirikia aliyekufundisha kusema hivyo, na huyo ninamwona kiooni kila asubuhi nikinyoa ndevu upande mmoja wa uso nisiousikia.

Wacha nianzie nilipoharibu.

Ulikuwa kidato cha pili. Madam wenu wa baiolojia alikuwa ameanzisha klabu ya afya, wanafunzi ishirini hivi, kila Alhamisi baada ya masomo. Jioni moja ulikuja mezani na habari kwamba Madam ameleta darasani kipande cha bomba la maji machafu ya jikoni mwa shule. Bomba lilikuwa limeziba, fundi akalikata, na Madam akaomba kile kipande. Ndani yake mafuta ya kupikia ya miaka mingi yalikuwa yameganda ukutani pande zote, kikabaki kitundu cha kupitisha kalamu. Aliwapitishia, kila mmoja achungulie. Akawaambia mishipa ya damu nayo huziba hivyo, polepole, na haingoji uwe mzee. Huanza katika umri wenu, kwa sigara, kwa vyakula vya kukaangwa, kwa kukaa siku nzima bila kutoa jasho. Akawaambia presha ikiwa juu huumiza kuta za mishipa miaka na miaka na mwenyewe hasikii kitu. Mama yako aliweka kijiko chini. Mimi nilicheka nikasema tumewapeleka shule mkachungulie mitaro, kisha nikavuta kibakuli cha chumvi nikaongeza kwenye mboga, ili tu uone.

Nilikuona ukiniangalia.

Jumapili moja baada ya kanisa ulirudi na mashine ya kupimia presha. Madam alikuwa akiwaazima kwa zamu, mpime watu wa nyumbani na kujaza karatasi. Ulimpima mama yako, ukampima Wafula mdogo wako, aliyekuwa akicheka kwamba inamtekenya. Kisha ukaja kwangu na kusema, "Baba, toa koti." Nilitoa kwa sababu mama yako alikuwa anatazama. Mashine ikanikaba mkono, ikalia, nawe ukasoma 178, 106. Uso wako ulibadilika lakini sauti yako haikubadilika, na hilo nalikumbuka kuliko yote. Ukasema, "Hii si nzuri. Kaa tu dakika tano, nirudie."

Nikauvuta mkono. Nikakwambia mtoto hampimi mzazi wake. Nikakwambia nilivyolelewa mimi, binti hamkunji baba yake mkono wa shati. Ukaomba tena, kwa heshima, nami nikasema nimetoka kanisani kwa miguu, jua lilikuwa kali, na niko na mawazo ya kazi. Ulikunja zile nyaya ukazirudisha kwenye kasha lake.

Mila sikuitaja kwa sababu ya mila. Niliogopa. Mwanamume wa miaka arobaini na nane aliogopa mashine iliyoshikwa na mtoto wa miaka kumi na tano, akajificha nyuma ya wazee wake. Na kama ningeishia hapo, ningekuwa mjinga wa nyumbani tu, wako wengi. Lakini mimi niliupeleka ujinga wangu shuleni.

Katika mkutano wa wazazi muhula ule nilisimama. Nilikuwa na ulimi siku hizo, na watu walipenda kunisikia. Nikasema, "Tumewaleta watoto wasome. Hatukuwaleta watupime. Leo ni presha, kesho watatupima nini?" Wazazi wakacheka na kupiga makofi. Mama mmoja akaongeza kwamba binti yake halali tangu aambiwe habari za mishipa, mzee mwingine akasema presha huja kwa kutajwatajwa, ukimwambia mtu anayo ndipo humshika. Hakuna aliyesimama kutupinga, hata wale walioficha vidonge vyao kwenye mikoba. Mwalimu mkuu akasema uongozi umesikia. Kabla ya muhula kwisha klabu haikuwepo, na mashine ikafungiwa kabatini. Madam alihamishwa mwaka uliofuata. Sijui kama ni kwa sababu yangu, lakini sijisamehe kwa kutojua.

Wewe ulikuwa nyuma ya ukumbi siku ile, ukiwapa wageni chai pamoja na wenzako. Nilikuona nilipoketi. Ulinimiminia kikombe, ukanipa kwa mikono miwili kama ulivyofundishwa, ukaenda kwa mgeni mwingine.

Mama yako hakukubali yaishe. Alinidanganya nimsindikize zahanati, kumbe mgonjwa ni mimi. Nikapewa vidonge vya mwezi mmoja, na kwa hofu ya mama yako nikavimeza. Niliporudi nikapimwa, ikawa 132, 84. Muuguzi akafurahi, akanipa vingine, akasema, "Mzee, hizi ni za kila siku. Hata ukiona uko poa, usiache." Nikatikisa kichwa kukubali.

Sasa sikiza nilivyofikiri, maana hakuna mwingine angefikiri hivyo ila karani wa ghala la mahindi. Miaka ishirini na miwili nilipokea mahindi ya watu. Unajua bambo, ule mrija wa chuma wenye ncha ambao nilichoma nao magunia. Wakulima wengine huweka mahindi makavu juu na chini, mabichi katikati, na ukitazama gunia kwa macho utaapa ni kavu. Mimi sikudanganyika. Nilichoma katikati, nikapima unyevu, na yakiwa mabichi nikayarudisha yakaanikwe. Yakishakauka yanaingia ghalani, habari imekwisha. Nani huyarudisha juani mahindi yaliyokwisha kukauka? Hivyo ndivyo nilivyosoma ile 132. Nimekauka, nimeingia ghalani. Vidonge vilivyobaki nikaviweka juu ya kabati, na mama yako aliponiuliza nikamwambia nakunywa.

Hasira inanipanda ninapoandika hapa. Kwa miaka ishirini na miwili sikumwamini mkulima hata mmoja kwa maneno yake. Walikuja wakilia, walikuja wakiapa kwa majina ya watoto wao, nami nikachoma gunia. Gunia langu mwenyewe nililitazama kwa nje nikasema ni kavu.

Halafu watu huniambia, pole Barasa, ni mapenzi ya Mungu. Waache hayo. Mungu alinitumia mtoto na mashine hadi sebuleni.

Siku ilipofika ilikuwa Jumamosi, wewe ukiwa kidato cha nne. Malori yalikuwa yamejipanga getini. Nilikuwa naandika uzito wa gunia, kalamu ikaanguka. Nikaiokota, ikaanguka tena. Nikataka kumwambia mpakiaji asimamishe kazi, kikatoka kitu ambacho hakikuwa neno. Wapakiaji wakacheka. Nilimsikia mmoja akisema, "Karani leo amepitia kwa busaa." Mimi, ambaye hawajawahi kuniona na kikombe cha pombe. Wakanilaza juu ya magunia karibu na dirisha ili nipumzike, kazi ikaendelea. Nilisikia kila gunia likitajwa. Walikuwa watu wazuri, Nekesa, waliotoka makwao kutafuta kibarua kama nilivyotoka mimi. Hakuna mtu aliyewahi kuwaambia mdomo ukienda upande maana yake ni nini. Wangeambiwa wapi, na watoto wao wakiambiwa sisi wazazi tunakwenda kufunga klabu?

Nililala pale tangu asubuhi hadi saa sita. Mama yako akaitwa, nikabebwa nyumbani, na wazee wa kanisa wakaja. Wakaomba. Siwalaumu kwa kuomba, nawalaumu kwa kufunga mlango na kuomba mgonjwa akiwa kitandani, wakati maombi yale yale yangeweza kufanywa ndani ya gari likienda hospitali. Saa nane ukaingia kutoka masomo ya ziada shuleni na begi mgongoni. Ulinitazama usoni. Ukasema mdomo umeenda upande, mkono umelegea, maneno hayaeleweki, na Madam aliwaambia mtu kama huyo hangoji hata dakika moja. Mzee mmoja akakunyamazisha, akasema mtoto asiingilie maombi.

Ukatoka. Nikasikia viatu vyako vikikimbia, kisha nikasikia pikapu ya jirani ikiwaka. Ndivyo nilivyofika hospitali.

Daktari alisema kuna matibabu yanayosaidia kama mtu akifika katika saa za kwanza, na zetu zilikuwa zimekwisha. Lakini alisema pia ningelala hadi jioni huenda nisingeamka. Nyumba nzima ilikuwa na watu wazima, walimu wa shule ya Jumapili, mama zangu wadogo, na mtu pekee aliyejua la kufanya ni yule ambaye klabu yake niliifunga. Hili hatujawahi kulizungumza. Uliniosha, ukanilisha uji, ukanifundisha kushika kalamu kwa kushoto, na hata mara moja hukusema, Baba, si nilikuambia. Nilikuwa nikingoja useme. Ungesema ningepumua.

Kuna jambo jingine sijakusimulia. Una jina la mama yangu. Ulisikia kwamba alikufa shambani Bungoma, ukaambiwa ni uchawi. Nilikuwa na miaka ishirini, nilimbeba mimi. Mdomo wake ulikuwa umeenda upande, kama wangu. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukining'inia, kama wangu. Tulisema jirani yetu, mama mmoja mjane, ndiye aliyemtupia kitu. Tulimnyima salamu, tukawakataza watoto kuchota maji kwake, hadi alipokufa, na hata matanga yake hatukuenda. Nilipokuwa nimelala wodini, nusu yangu haisogei, nilimkumbuka yule mama mjane. Hakuwa amefanya lolote. Mama yangu alikuwa na presha, na mimi ninayo, na wewe una damu yetu. Yule daktari kijana alikuuliza kama, ukiniondoa mimi, kuna mtu mwingine wa presha katika familia. Nilikusikia ukisema hujui. Sasa unajua.

Huu mji wetu nao unanichosha. Kila asubuhi barabara zimejaa wakimbiaji, nasi tunawatazama kutoka mlangoni na mandazi mkononi tukidhani miguu yao inatukimbilia sisi sote. Pale mtaa wa Pioneer, nje ya geti la shule, kuna soseji za kukaanga, chumvi ya kumwagia na mikebe ya soda za kuongeza nguvu, watoto wanapanga foleni kabla ya kengele, na mzazi akipita anasema waache, presha ni ya wazee. Presha ni ya mawazo. Presha ni ya matajiri. Nimeyasikia yote na nimeyasema yote. Wazee wenye presha hawakuteremka kutoka mbinguni wakiwa wazee. Walikuwa na miaka kumi na tano siku moja, na hakuna aliyewakunja shati kuwapima.

Mwezi uliopita nilikwenda shuleni. Hili hulijui, nilimkataza Wafula kukwambia. Yeye sasa anasoma pale, nami nikaitwa mkutanoni kama mzazi mwingine yeyote. Nikainua mkono wa kushoto. Nilikuwa na sentensi nne tu. Nikasema mimi ndiye niliyesimama hapa nikafanya klabu ifungwe. Nikasema binti yangu alinipima na nikakataa. Nikasema nitazameni. Nikasema irudisheni. Maneno yalitoka kama uji mzito, dakika nyingi, na ukumbi mzima ukatazama sakafu. Hakuna aliyepiga makofi. Mwalimu mkuu mpya akanishukuru, akasema jambo hilo litajadiliwa. Nikauliza mashine iko wapi. Walifungua kabati wakaikuta, betri zimevuja, kasha limeota kutu. Nikatoka nje nikalia kwa hasira, nikiegemea ukuta ili nisianguke. Mama mmoja akanifuata, akaniuliza kwa sauti ya chini ni wapi mtu anaweza kupimwa bila watu kujua. Nikamwonyesha. Mmoja tu, katika wazazi wale wote.

Kwa hiyo usiniambie wasiwasi wa safari. Sisemi kwamba una presha. Sijui, nawe hujui, na ndiyo sababu umeambiwa upimwe mara ya tatu. Nadhani najua unachoogopa. Unaogopa kwamba ukiandikiwa presha kwenye ile fomu, chuo kitakukataa, na kazi ya ualimu uliyoitamani tangu klabu ya Madam itakwisha kabla haijaanza. Nilimuuliza yule daktari mwenyewe, nilirudi kwake Ijumaa wakati wewe uko saluni. Alisema watu wenye presha wanasoma, wanafundisha, wanazaa na kuzeeka, mradi wajue wanayo. Ikiwa iko juu, utaambiwa upunguze chumvi, utembee, ulale vizuri, upimwe mara kwa mara, na ikibidi utameza kidonge kila siku, na siku utakayojisikia mzima kabisa utakimeza pia. Mimi sasa nameza, kila asubuhi, mbele ya mama yako, kwa sababu ameacha kuniamini na ana haki.

Gari lako linaondoka kesho saa nne. Kliniki inafunguliwa saa mbili. Nimemwambia yule daktari tutakuja, na nimemwambia mama yako ukweli wa Jumatano. Atakuwa amenuna asubuhi; usishindane naye.

Sijawahi kukuomba msamaha. Kwetu mzazi huonekana amejishusha akimwomba mtoto, na hilo nalo ni miongoni mwa mambo tuliyoyaweka juu ya kabati. Nakuomba sasa. Nisamehe kwa ile Jumapili. Nisamehe kwa makofi niliyopigiwa wewe ukisimama nyuma na birika la chai. Ulikuwa sahihi, ulikuwa na miaka kumi na tano, na nilikuaibisha mbele ya watu kwa sababu ulikuwa sahihi.

Nenda salama, Mama. Ukifika huko Nyeri tafuta zahanati ya chuo kabla ya kutafuta marafiki. Na ukiniandikia, usiniandikie kwamba hujambo. Niandikie namba.

Baba yako,
Barasa